Kamba Mmoja, Ofisi Sita

Hotuba kwa wavuvi, wakulima wa delta ya Rufiji na maafisa waliokutana Nyamisati, Kibiti

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, ndugu maafisa mliotoka wilayani na mkoani, wazee wangu, kina mama, vijana wa mwambao: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ambao hamkuitikia yote mawili, habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya uvuvi haramu. Barua ya mwaliko inataka nizungumzie nyavu, baruti na nidhamu ya wavuvi. Nitayagusa, sitayakimbia. Ila naomba nisianzie hapo, kwa sababu katika utumishi wangu wote wa uvuvi, mikutano ya aina hii ilianzia hapo na kuishia hapohapo. Tunapima macho ya nyavu kwa rula. Tunamkamata kijana na kokoro lake, ule wavu wa kukokota, tunalimwagia petroli mbele ya kamera, linaungua, tunapanda gari tunarudi. Kesho yake kwenye taarifa tunaandika kwamba rasilimali imelindwa. Kamba wenyewe hawajasoma taarifa hiyo.

Ninachotaka kusema leo ni kwamba samaki anaweza kumalizwa bila mtu yeyote kutupa wavu. Ukimnyima pa kuzalia, pa kukulia na pa kujificha, umemmaliza, hata kama kila mvuvi wa Kibiti ana leseni mfukoni na wavu wa macho halali. Na pahali hapo pa kukulia panaharibiwa zaidi na maamuzi yanayofanyika mbali na pwani kuliko kokoro la kijana wa Pombwe. Kokoro silitetei. Naomba tu lihesabiwe kwa ukubwa wake.

Tumfuate kamba mmoja. Namchukua kamba mweupe, kwa kuwa ndiye aliyeipa delta hii jina, na sehemu kubwa ya kamba wa Tanzania Bara wanatoka katika maji haya ya kuanzia Bagamoyo hadi Rufiji na Mafia. Mama yake anataga nje, baharini, kwenye kina cha pima kadhaa. Anataga mayai mamia ya maelfu, na mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja hivi. Wiki mbili tatu za mwanzo mtoto huyo anaelea tu, hana nguvu ya kupingana na mkondo, na wengi wanaliwa. Anayesalia anasubiri maji kujaa. Maji yakijaa anaingia nayo mlangoni mwa mto, tuseme Simba Uranga au Kikunya au Msala, anapandishwa hadi vijitoni, na maji yakianza kupwa anajibana chini kwenye tope asirudishwe nje. Hapo, kwenye tope la pembeni mwa mikoko, ndipo anapokula na kukua kwa miezi michache. Masika ikija, mto ukafurika, maji yakawa matamu hadi mlangoni, anasukumwa kutoka. Anatoka akiwa amenenepa, na ninyi mnamsubiri nje. Umri wake wote ni mwaka mmoja na kidogo.

Sasa tumtazame huyo kamba kwa jicho la serikali. Akiwa nje baharini yuko chini ya watu wa uvuvi. Akivuka upande wa Mafia akaingia ndani ya mpaka wa hifadhi, yuko chini ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Wizara ni ileile, lakini ofisi ni nyingine, boti ni nyingine na kanuni ni nyingine. Akiingia kwenye mizizi ya mkaka, aina mojawapo ya mikoko, mizizi ile ni ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Maji anamoogelea yapo mikononi mwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Maji hayo yaje lini na kwa wingi gani, siku hizi wanaamua watu wa umeme. Na ukingo ulio juu ya kichwa chake, penye shamba la mpunga, ni wa halmashauri na bwana shamba. Ofisi sita kwa mnyama mmoja mdogo. Anaishi kama mpangaji wa nyumba ambayo kila chumba kina mwenye nyumba wake, na wenye nyumba hao hawajuani. Mmoja anapaka rangi sebule, mwingine anang'oa bati la chumba cha kulala.

Si kamba peke yake. Changu wengi wanaopatikana kwenye matumbawe wakiwa wakubwa, wakiwa vidagaa walikaa kwenye nyasi bahari na pembeni mwa mikoko. Kaa vivyo hivyo. Mvuvi wa Mafia anayevua kwenye mwamba anavuna kitu ambacho huenda kililelewa penye tope, mahali ambapo mtalii hawezi kulipa hata senti kwenda kupiga picha. Ndiyo maana mwaka 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa liliandikishwa kwa pamoja kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Waliofanya hivyo waliona kwamba ni kitu kimoja. Karatasi ile ipo. Sijui wananchi wangapi hapa waliwahi kuonyeshwa.

Nianze na mikoko. Delta hii ina hekta zipatazo elfu hamsini za mikoko, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na hakuna msitu wa mikoko ulioungana wa ukubwa huo kwingine Afrika Mashariki. Mkaka, msinzi, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi, msikundazi: wazee hapa mnaijua kwa ganda lake usiku bila taa. Boriti za mikoko ya mwambao huu zilipandishwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi, na nyumba nyingi za kale za huko ziliezekwa juu ya boriti zetu. Wajerumani walipofika wakatangaza hifadhi, si kwa kumpenda kamba, kwa kupenda magome na mbao. Na mwaka 1914 manowari yao, Königsberg, ilijificha ndani ya vijito hivi, Waingereza wakahangaika kwa miezi mpaka wakaleta ndege na meli za kina kifupi, na ikazama mwaka uliofuata. Naitaja kwa sababu vijana wengi hawaijui, na kwa sababu inaonyesha msitu huu ulivyokuwa mnene.

Leo upande wa kaskazini wa delta mnajua hali ilivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mto ulibadili njia, sehemu kubwa ya maji matamu ikahamia kaskazini. Mkulima wa mpunga akayafuata maji. Ninyi mngefanya nini? Mahali palipokuwa na chumvi pakawa na maji matamu na tope lenye rutuba, bure, bila mbolea. Akakata mikoko, au akaimenya gome ife yenyewe, akapanda. Miaka michache mpunga unakubali vizuri mno. Kisha magugu yanazidi, kaa wanakata miche, chumvi inarudi msimu wa kiangazi, na shamba linaachwa. Anasogea mbele kukata lingine. Alipotoka mikoko hairudi haraka, kwani magugu yameshakaa.

Mara zote tukifika hapa maafisa wa misitu wanasema "wavamizi", wakulima wanasema "ardhi ya babu zetu", na kikao kinavunjika. Mimi naona wote wawili wanabishana juu ya matokeo. Mkulima wa delta anakata mkoko kwa sababu bonde la juu, alikokuwa analima zamani, halimpi tena uhakika. Na halimpi uhakika kwa sababu ya mto. Kwa hiyo twende mtoni, na hapo mniruhusu nikae kidogo.

Bonde la Rufiji lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua inayonyesha Njombe, Iringa na Mahenge kwa kiasi kikubwa inapita hapa mbele yetu. Mito mitatu ndiyo inayoufanya Rufiji uwe Rufiji: Kilombero, ambao peke yake unaleta zaidi ya nusu ya maji, Ruaha Mkuu, na Luwegu. Sasa, Ruaha Mkuu ulikuwa mto wa mwaka mzima. Tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko wanabanana kwenye vidimbwi na samaki wanakufa kwenye tope linalopasuka. Sababu kubwa inayotajwa ni maji kuchepushwa kwenda mashamba ya mpunga ya Usangu, mkoani Mbeya, na mifereji inayoendelea kumwaga maji hata shamba lisipoyahitaji. Mpunga huo tumeula wote, mchele wa Mbeya hakuna asiyeusifia. Lakini ni mto uliokatwa, na mto ukikatwa samaki wa juu na wa chini hawaonani tena. Mabwawa ya Kidatu, tangu 1975, na Mtera, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, yanakaa juu ya Ruaha huohuo.

Kisha likaja bwawa kubwa kuliko yote. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Mtambo wa kwanza ukaanza kufua umeme Februari 2024. Mitambo ni tisa, jumla megawati 2,115. Nisieleweke vibaya, hasa na ndugu zangu wa vyombo vya habari walio pale nyuma: sikuja kupinga umeme. Barafu ya kuhifadhia kamba inatengenezwa kwa umeme. Watoto wa kina mama wanazaliwa hospitalini kwa umeme. Ukuta umeshajengwa, ni mali yetu, na kodi zetu zipo ndani ya zege lile.

Hoja yangu ni nyembamba zaidi. Mtambo wa umeme unapenda maji yaliyo sawa, Januari hadi Desemba. Kamba anapenda maji yasiyo sawa. Anahitaji kiangazi chenye chumvi ili apande hadi vijitoni, na masika yenye mafuriko ili atoke na ili tope jipya lenye chakula lishuke. Ukimpa maji ya kiasi kilekile mwaka mzima, umemwondolea saa yake. Hajui aingie lini, hajui atoke lini. Na tope, ambalo ndilo lililoijenga delta hii yote, linatua nyuma ya ukuta. Bahari haisubiri tope. Inaendelea kula ufukwe kila bamvua, na maji ya bahari duniani yanapanda. Mlilana ulio mstari wa mbele ndio unaotangulia kuanguka.

Haya si ndoto za mstaafu. Wenzetu wa Msumbiji walifunga mto Zambezi kwa bwawa la Cahora Bassa mwishoni mwa 1974. Chini yake, baharini, kuna Benki ya Sofala, yaani eneo la bahari lenye kina kifupi, ambako kamba wao wanavuliwa na kuuzwa nje kwa fedha za kigeni. Watafiti walipolinganisha maji yanayoshuka wakati wa masika na kamba wanaovuliwa baadaye, waliona vinakwenda pamoja: maji ya masika yakipungua, kamba wanapungua. Ushauri uliotolewa haukuwa kubomoa ukuta. Ulikuwa kuachilia maji zaidi miezi ya mvua na kidogo zaidi miezi ya kiangazi, ili mto urudie kwa kiasi mwendo wake wa zamani. Umeme unaendelea kufuliwa, na kamba anapata saa yake.

Wazee wa Utete, Mloka na Mtanza hamhitaji Msumbiji kulielewa hili. Mnaijua mlau. Mafuriko yalikuja, yakalala juu ya bonde, yakaondoka, mkapanda mahindi na mikunde kwenye unyevu uliobaki, bila mbolea, bila pampu. Na yale maziwa ya bondeni, Ruwe, Utunge, Mtanza na mengineyo, hayajai samaki kwa dua. Mto unapofurika unaungana nayo, perege na kambale wanaingia, wanataga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, watoto wanakulia humo. Mafuriko yakikosekana misimu kadhaa ziwa linabaki kisiwa cha maji. Mnavua waliomo, wanakwisha, kisha mnaambiwa mmevua kupita kiasi. Mmevua kupita kiasi, kweli. Lakini mlango wa kuingizia wengine nani aliufunga?

Najua kuna anayetaka kuniuliza kuhusu Aprili 2024, wakati Rufiji na Kibiti zilipozama, nyumba zikaenda, mashamba yakaenda, watu wakahamishwa. Ugomvi wa nani alifungulia nini, na kama ni mvua au ni bwawa, nawaachia wengine. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa nchi nzima. Mimi nasema tu kwamba mwenye ufunguo wa maji sasa yupo, na kabla ya Desemba 2022 hakuwepo. Kwa kuwa yupo, yanaweza kupangwa mafuriko madogo yanayolisha, yanayotangazwa mapema, watu wakajua siku na kina. Bila mpango tutakuwa na vyote viwili vibaya: miaka ya ukavu bondeni, halafu mwaka mmoja wa gharika.

Na sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua maji ya mazingira, yaani maji yanayotakiwa yaachwe mtoni ili mto uendelee kuwa mto, na inayaweka pamoja na mahitaji ya msingi ya binadamu mbele ya matumizi mengine. Mbele, ndugu zangu. Mbele ya umwagiliaji, mbele ya mitambo. Kwa hiyo ninachoomba si hisani.

Sasa niingie baharini, nilipe deni la mada niliyopewa.

Baruti. Ilianza kusikika kwenye pwani yetu miaka ya 1960, na kwa miongo kadhaa Tanzania ilijulikana vibaya kwa hilo. Tangu operesheni za kuanzia 2015 kuendelea mlipuko umepungua sana, na wanaostahili sifa wapewe, wakiwemo wavuvi waliotoa taarifa wakijua majirani zao watawachukia. Ila watu wengi hudhani ubaya wa baruti ni samaki wanaoelea tumbo juu. Hao watakuwepo wengine mwakani. Ubaya ni mwamba. Tumbawe lililopasuka linabaki vifusi, vifusi vinabiringika na mawimbi ya kusi kila mwaka, na tumbawe changa haliwezi kushika juu ya jiwe lisilotulia. Mahali palipopigwa mara nyingi panaweza kukaa vifusi vitupu kwa muda mrefu kuliko maisha ya aliyelipua. Kijana alipata samaki wa asubuhi moja akaharibu nyumba ya vizazi.

Kokoro la kukokota ni hilohilo kwenye nyasi bahari. Linang'oa nyasi, linatifua mchanga, maji yanachafuka, nyasi zilizobaki hazipati jua. Na nyasi bahari ndizo zinazomlisha nguva. Vijana wengine hapa mnadhani nguva ni hadithi za bibi. Hapana, eneo hili la Rufiji, Mafia na Kilwa ndilo la mwisho linalojulikana Tanzania ambako bado wapo, wachache sana, na wakinaswa kwenye jarife wanakufa kwa kukosa hewa, maana wanapumua kama sisi. Kina mama wanaotanda kwa vyandarua kwenye maji madogo nao nawaambia ukweli, kwa heshima: mnachokikusanya mle wengi wao ni watoto wa samaki ambao waume zenu wangewakuta wakubwa. Lakini simuelewi afisa anayemnyang'anya mama chandarua chenye kilo moja ya uduvi, halafu akakaa kimya wakati mkono mzima wa mikoko unageuzwa shamba.

Joto la bahari nalipitia haraka, maana hakuna mkutano wa Nyamisati utakaoliamua. Mwaka 1998 maji yalipata joto lisilo la kawaida, matumbawe yakageuka meupe kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na mengi yakafa, pamoja na ya Mafia ambako hifadhi ya bahari, ya kwanza nchini, ilikuwa na miaka mitatu tu tangu ianzishwe 1995. Yametokea tena baadaye. Boti ya doria haiwezi kukamata joto. Lakini mwamba ambao haujapigwa baruti, usiofunikwa na tope, wenye pono wa kutosha wa kula mwani unaoota juu ya matumbawe yaliyokufa, una nafasi ya kupona. Tukiuvunja sisi kwanza, joto linakuja kumalizia.

Kuna watakaosema mwananchi wa kijijini hana nguvu mbele ya miradi mikubwa. Wenyeji wa delta hii ndio mnaopaswa kuwakatalia. Miaka ya 1990 ulikuja mpango wa mabwawa makubwa ya kufugia kamba humuhumu deltani, kwa maelfu ya hekta. Wanamazingira waliupinga, wananchi wakaupinga hadi mahakamani, na haukujengwa. Kama ungejengwa, leo tungekuwa tunajadili nini hapa? Pengine bei ya kibarua cha kumenya kamba. Na jirani zetu wa Lamu, ambao Kiswahili chao tunakisifia kila siku, walikwenda mbali zaidi. Bandari mpya ilipoanza kuchimbwa Manda, tope la uchimbaji likafunika maeneo yao ya uvuvi na njia zao zikafungwa. Walifungua kesi, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba haki zao zilikiukwa na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76. Malipo hayakuja kesho yake, na mabishano juu ya kiasi na njia ya kulipa yaliendelea. Lakini majaji walikubali kwamba haki ya kimila ya kuvua inalindwa na sheria, hata kama mvuvi hana hati ya kipande cha bahari. Hukumu ya Kenya hailazimishi mahakama za kwetu, ila wakili mzuri anaweza kuisoma kwa sauti.

Sitaki tufike kortini, ni gharama na ni miaka. Nataka meza moja. Tumezoea kuitwa kwa zamu: leo TFS wanakutana na wakulima, wiki ijayo watu wa uvuvi wanakutana na BMU, vile vikundi vya vijiji vya kusimamia rasilimali za uvuvi, mwezi ujao Bodi ya Maji inakutana na watumia maji wa juu huko, na kila kikao kina posho yake na picha yake ya pamoja. Kamba anapita katika vikao vyote hivyo bila kuwa ajenda ya chochote.

BMU zenu pia zina kazi, na haihitaji fedha ya mfadhili. Kila kijiji cha mlangoni kiwe na daftari. Andikeni siku maji yalipogeuka matamu mlangoni na siku chumvi iliporudi. Andikeni siku kamba wa kwanza walipoonekana, na ukubwa wao. Andikeni mikoko iliyoanguka kwa mawimbi tofauti na iliyokatwa kwa panga, maana zikichanganywa mkulima atabebeshwa na ya bahari. Mabaharia wenye kumbukumbu mpo, lakini kumbukumbu ya mdomo kwenye ofisi ya Dodoma haina uzito. Daftari la misimu mitano la vijiji kumi lina uzito, hasa likiwekwa kando ya takwimu za maji yaliyoachiliwa bwawani katika misimu hiyohiyo. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wakiombwa watakuja kuwafundisha namna ya kupima. Wana watu wazuri.

Ndugu mwenyekiti, naomba katibu aingize kwenye muhtasari hoja moja tu kutoka kwangu, asiipambe. Kwamba mkutano huu unaomba kabla ya masika ijayo ofisi zote sita zikae na wawakilishi wa wavuvi na wakulima wa delta na wa bondeni, wakubaliane kiasi cha maji kitakachoachiliwa Machi hadi Mei na tarehe zake, kiasi hicho kiandikwe, kitangazwe redioni na kwenye misikiti na makanisa, na msimu ukiisha tuelezwe kilichoachiliwa kweli. Mambo ya mpunga wa kaskazini yajadiliwe kwenye kikao hichohicho, si kingine, kwa sababu mkulima atakayepata mlau yake bondeni hatakuwa na haraka ya kushuka na shoka.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Ndugu yetu wa Bodi ya Maji nimemwona akiandika muda wote, na ningependa tumpe nafasi yeye kwanza kabla ya chakula, halafu bwana misitu.